Ufunguo Huku, Betri Kule

Dereva wa gari la matangazo la chama, ambaye watu wote walimwita Mzee Honi, alikuwa ameona wajinga wengi, lakini si wa daraja hili. Kambi ya mwenyekiti ilikuwa imeficha ufunguo wa gari ili kambi ya katibu isilitumie. Nayo, ili kuwakomoa, ikafungua boneti na kubeba betri. Gari likabaki limekodoa macho uani mwa ofisi, spika zake juu, kuku wakitaga chini ya kiti cha nyuma.

Kila asubuhi Honi alilifuta vumbi, akakaa nyuma ya usukani. Gari la wapinzani lilipokuwa likipita nje kwa muziki wa kishindo, mashujaa wa kambi zote mbili walitoka kuucheza.

“Leteni ufunguo na betri, tutoke,” aliwaambia. “Kura hazitatufuata humu uani.”

“Mzee, wewe endesha tu. Siasa tuachie sisi.”

“Niendeshe nini?”

Kila jioni mkewe alimuuliza, “Leo mmefika wapi, baba watoto?”

“Hata getini hatujafika, mama.”

Siku ya kura chama kiligaragazwa. Kesho yake mwenyekiti na katibu walikaa meza moja, wakacheka pamoja kama mtu na shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze wakapitisha azimio kwa kauli moja: dereva afukuzwe, kwa sababu gari halikutembea.