Fundi wa Mlali

Nafundisha fizikia sekondari. Nalisema mapema, maana bila hilo aibu ninayotaka kuisimulia haitaonekana ukubwa wake. Kila mwaka nasimama ubaoni nachora mawimbi, naeleza mtetemo unatoka wapi na unapimwaje, na wanafunzi wananakili kila kitu hadi mikwaruzo ya chaki. Halafu pikapu yangu mwenyewe ikaanza kutetemeka, nikahangaika nayo wiki mbili kama mtu ambaye hajawahi kuingia darasani.

Pikapu hiyo niliachiwa na baba. Alibebea vitunguu na mahindi kutoka Kibakwe, na kwa miaka yote hiyo mama ndiye aliyekaa kiti cha abiria, mpaka sponji la kile kiti likabonyea kwa kipimo chake. Baba alipofariki, mama alibaki Kibakwe peke yake, kwa hiari yake, na hakuna aliyethubutu kumshauri vingine. Ndipo akateleza uani kwake akavunjika nyonga. Alipasuliwa hapa Dodoma, na alipotoka hospitali nikamleta kwangu Ipagala.

Mama hakuwahi kuipenda Ipagala. Alisema joto la huku linamchosha na majirani wanafunga mageti mchana kweupe kama wanadaiwa. Alikula nilichompikia, akashukuru, kisha akaendelea na kazi moja aliyojipa, kuhesabu hatua. Nyumba yake iko mlimani kidogo, gari haliwezi kufika mlangoni, na kutoka linapoishia mpaka jikoni kwake ni hatua arobaini. Tulikubaliana kwamba siku atakayotembea hatua arobaini na fimbo bila kupumzika, nitamrudisha kwake. Asubuhi na jioni alitoka mlangoni kuelekea kwenye tangi la maji, akihesabu kwa Kigogo, kwa sauti. Ilimchukua zaidi ya miezi mitatu. Siku alipofikisha arobaini alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akacheka peke yake. Daktari akaruhusu, ila akaonya nisimrusharushe njiani.

Hapo nikajitia ufundi, ili gari liende laini. Jumamosi kabla ya safari nilivaa suruali ya michezo iliyochakaa, nikainua gari kwa jeki, nikaweka mawe chini ya ekseli, nikaingia uvunguni. Niliifungua propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka magurudumu ya nyuma. Yetu ni ya vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno. Nikavichomoa, nikaviosha kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi mpya kila mahali, nikarudisha. Kazi ya siku nzima. Nilitoka uvunguni mweusi kama sufuria na nikajisifu moyoni kuliko siku niliyopata digrii. Mama alikuwa ndani amelala, au ndivyo nilivyodhani.

Siku ya safari mama alivaa kitenge kipya. Mjini gari lilikwenda vizuri. Tulipoingia barabara kuu, mshale ukapita sitini, likaanza kutetemeka. Nilipunguza mwendo likatulia, nikaongeza likatetemeka tena, na kila likitetemeka mama alishika kishikio cha mlango kwa mikono miwili akifumba macho. Kabla ya njia panda ya Mpwapwa akaniambia kwa upole, "Mwanangu, turudi."

Tukarudi. Kesho yake hakuhesabu, na kesho kutwa hakuhesabu. Nilimkuta amekaa kitandani, fimbo imeegemezwa pembeni ya kabati, akaniambia pengine Mungu amepanga azeekee Ipagala. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya upasuaji, maana siku ile alikuwa anapigana, na sasa nilimwona anaacha.

Nililaumu matairi. Nikayapeleka kubalansi, bado. Nikabadilisha ya mbele yaende nyuma, bado. Nikamfokea mtu wa matairi, mzee wa watu, kwamba mashine yake imechoka. Nikailaumu barabara, ambayo kila mtu anapita salama. Kulikuwa na mtu mmoja wa kumwendea tangu siku ya kwanza, fundi aliyeitengeneza pikapu ile tangu enzi za baba, na sikumwendea kwa sababu nilijua ataniuliza nimeifanyia nini. Nikikosea nakuwa mkali. Wanafunzi wangu wanajua.

Mwishowe nikampigia simu. Ni mtu wa Kondoa, mpole, kofia yake nyeupe haijawahi kupata tone la oili na sijui anafanyaje. Alikuja baada ya sala ya adhuhuri. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za Kondoa?"

"Kwema. Nimesikia gari la mzee limeanza ukorofi."

"Gari halina ukorofi," mama alisema, akinitupia jicho.

Tulitoka na fundi kwenda barabara kuu, yeye akiendesha. Mwendo ulipofika pale penyewe, likaanza. Akaniambia niguse usukani. Ulikuwa umetulia. Akaniambia nisikilize kiti, na kiti kilikuwa kinatetemeka chini yangu. "Ingekuwa matairi ya mbele, usukani ungecheza," alisema. Kisha akatoa gia, akaacha gari lijiendee lenyewe bila injini kulisukuma. Likatetemeka vilevile mpaka mwendo uliposhuka. "Basi siyo injini. Ni kitu kinachozunguka huku chini." Dakika kumi zilimtosha. Mimi nilishamaliza wiki mbili.

Tuliporudi alitandika gunia, akaingia uvunguni na kitambaa, akaifuta propela. Akaniita nami nikajilaza kando yake. Kwenye kipande cha mbele kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyeupe, na kwenye cha nyuma mstari mwingine kama huo. Ulipaswa kuwa mstari mmoja ulionyooka. Wa mbele ulikuwa juu, wa nyuma umekwenda ubavuni, robo nzima ya mzunguko.

Nilikuwa nimeuona mstari ule Jumamosi ile. Nilidhani ni rangi iliyodondoka.

"Mimi sifungui kitu kabla sijakichora alama," alisema taratibu. "Vipande hivi visiporudi vilivyokuwa, kimoja kinavuta huku, kingine kinavuta kule. Nani aliifungua, Mwalimu?"

Mama alikuwa hatua chache kutoka pale. Nikasema, "Kuna fundi mmoja wa Mlali. Nilipita huko."

Sikupita Mlali mwaka mzima ule. Fundi akapitisha kidole kwenye grisi yangu, akajaribu boliti moja kwa spana.

"Huyo fundi wa Mlali ni mtu makini," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Grisi ameweka safi, boliti amekaza sawasawa. Amekosa kitu kimoja tu, na hakuna aliyemwambia. Ukionana naye, mwambie achore kwanza."

Kisha akanipa spana. Hakuifungua yeye. Nilifungua mimi, nikachomoa, nikazungusha mpaka mistari miwili ikakutana, nikasukuma ndani, yeye akinishikia tochi ya simu kama mimi ndiye fundi. Alipomaliza kunawa alimuaga mama, akaniambia mimi, "Kazi nzuri, Mwalimu," akaondoka.

Nimefundisha miaka mingi, na sitaki kukumbuka ni watoto wangapi nimewasahihisha mbele ya darasa zima wakiwa wameinamisha vichwa. Yule mtu alinisahihisha mbele ya mama yangu, kwa kosa langu na kwa uongo wangu, na sikupungukiwa hata kidogo. Namshukuru mpaka leo, na nikisimama ubaoni namkumbuka kabla sijafungua mdomo.

Nililijaribu gari peke yangu mara tatu. Kisha nikamwambia mama kwamba limepona. Akanyoosha mkono kuchukua fimbo, akaenda mpaka kwenye tangi na kurudi.

Tulikwenda wiki iliyofuata. Mshale ulipita sitini, ukapita sabini, na mikono ya mama ilikuwa imetulia mapajani. Baada ya njia panda akasinzia, kichwa kikalala kwenye mkanda. Niliendesha nikilia bila sauti, kwa furaha tu.

Kibakwe kulikuwa na baridi na ukungu mlimani. Nilisimamisha gari linapoishia, nikamzungukia, akakataa mkono wangu. Akashuka na fimbo yake akaanza kupanda akihesabu kwa sauti, nami nikimfuata nyuma na mabegi. Alipofika arobaini alishika fremu ya mlango wa jiko, akavuta harufu ya majivu ya zamani, akakaa kwenye kigoda chake.

"Ukirudi mjini," akasema huku akipanga mafiga, "mwambie fundi wa Mlali nimefika."