Bata Mzinga Walioibeba Redio

"Miaka yote hii nasema Kimisteko humu ndani, hamkuelewa hata neno moja, na usingizi mlilala. Leo ndiyo mmetaka kuelewa?"

Eloína alimwuliza hivyo Wendell, meneja wa redio yetu ya bondeni, nami nimesimama mlangoni na sufuria ya tamale, mikate yetu ya mahindi ya kufunga kwa majani. Wendell ni mtu mwema, mwembamba kama mpini wa jembe. Akibanwa, masikio yanamwiva.

"Mama Eloína, si mimi. Ni barua ya Washington."

"Barua haina mdomo. Wewe unao."

Kisa chenyewe ni hiki. Redio, katika saa ya Eloína, ilitangaza barabara ambako magari ya watu wa uhamiaji yalikuwa yameegeshwa. Serikali kuu ikaandika kwamba huko ni kuwazuia maafisa wake wasifanye kazi. Jimbo letu la California lina sheria yake, polisi wa hapa hawaruhusiwi kuwasaidia watu wa uhamiaji kukamata wageni. Lakini leseni ya redio inatoka Washington. Fedha nazo zilikuwa zinatoka huko huko, na zilikuwa zimeshakatwa. Sasa bodi imeingiwa na baridi. Ama saa ya Eloína ifungwe, ama kila neno litafsiriwe kwanza kwa Kiingereza, wakili alisome ndipo litangazwe.

"Natangaza alfajiri," Eloína akasema. "Wakili gani huyo anayeamka na jogoo?"

Wendell akaomba tamale. Nikampa, maana njaa haina upande.

Eloína mwenyewe alishuka kutoka milima ya Oaxaca, kusini ya mpaka, kunakosemwa Kimisteko, akiwa msichana, nyuma ya mama yake. Kihispania alikuwa hana, Kiingereza ndiyo kabisa; anachokijua leo alikiokota matutani. Alichuma stroberi mpaka mgongo ukashika umbo la tuta. Siku moja shamba lilipigwa dawa, na tangazo likabandikwa kwa Kihispania. Mama yake hakujua kukisoma, akaingia, akatoka anatapika, na kifua chake hakikurudi tena kama kilivyokuwa. Eloína hakwenda kwa msimamizi kulia. Alikwenda redioni na mabuti ya tope, akaacha nyayo juu ya zulia lao, akasema, "Mambo kama haya yasemwe kwa lugha yetu."

"Nani atayasema?" wakamwuliza.

"Kwani mimi ni bubu?"

Basi tangu hapo alfajiri ikawa yake. Nisiyasifu mno matangazo yake, lakini aliyeyasikia shambani hatayasahau. Ukungu wa baharini unapanda bondeni, humwoni hata mwenzako wa tuta la pili. Simu ziko kwenye mifuko ya mashati, zote zimefunguliwa kwa Eloína, hivyo sauti haina mahali inapotoka. Inatoka kwenye majani, kwenye maji ya mfereji. Fulani wa kijiji fulani, dada yako anakusalimu. Fulani, mtoto amezaliwa, ana nywele nyingi. Unainama, unachuma, na jina la kijiji chenu linapanda kutoka ardhini kama mvuke. Mara nyingi nilidhani bado nimelala, kwamba bonde hili ndilo ndoto, na nikiamka mama atakuwa anapuliza moto kule mlimani. Halafu msimamizi anapiga filimbi. Mjinga yule.

Saa hiyo ndiyo bodi ilitaka kuizima. Walimpa mpaka mwisho wa wiki ya michango, ile wiki ambayo wenye redio huwaomba wasikilizaji wapige simu waahidi chochote. Redio ikiweza kusimama kwa miguu yake, watafikiri upya.

Kwetu kuchangia ni kwa namna moja tu. Ukiwa na shughuli, nakuletea bata mzinga. Siku nikiwa na yangu, unaniletea bata mzinga mwenye uzito uleule. Hakuna anayeandika, na hakuna anayesahau. Eloína akainama kwenye kipaza sauti, akasema, "Jamaa zangu, redio ina shughuli. Nani ataibeba?"

Jumamosi wakaja. Ukungu ulikuwa haujaondoka, ukiangalia barabarani unaona tu vikapu vinaelea, halafu kofia, halafu watu. Mahindi, maharage, mikate, kreti za bia. Bata mzinga mmoja mkubwa aliponyoka, akaingia studio, akajibu taarifa ya hali ya hewa, na bonde zima likamsikia. Mwenye bata huyo alikuwa Crisóforo, mzee wa kumwagilia mashamba.

Wendell alimshika kila mtu mkono. "Asante. Asante sana."

"Ukisema asante umekubali deni," Eloína akamwambia. "Utalipa."

Wendell akacheka. Alidhani ni mzaha, maskini.

Tulipika mchuzi mweusi wa pilipili uani kwa redio, tukauza kwa sahani. Wenye mashamba walipanga foleni nyuma ya wachumaji wao, na mwenyekiti wa bodi aliondoka na mchuzi kwenye tai. Wiki iliyofuata bodi ikakaa, ikahesabu fedha, zikatosha. Saa ya Eloína ibaki, na tafsiri isiwepo. Barua wakaijibu kwa barua. Washington wamenyamaza mpaka leo, na magari yale bado yanapita. Eloína anaogopa, namjua, akimaliza kutangaza mikono inakuwa baridi kama samaki. Lakini anakwenda.

Mwaka haujageuka, Crisóforo akaingia redioni, kofia mkononi.

"Nimefuata bata mzinga wangu."

"Bata mzinga gani, mzee?" Wendell akauliza.

"Aliyetangaza hali ya hewa."

Eloína akamtazama Wendell. "Nilikwambia."

Mwanawe Crisóforo, Abundio, alikamatwa akitia mafuta gari, akarudishwa ng'ambo ya mpaka. Mchumba akamfuata. Wanaoana kule, na mzee akivuka hataruhusiwa kurudi. Basi ameamua harusi aifanye hapa siku hiyohiyo, na bwana harusi awe ndani ya simu, juu ya meza, katikati ya sahani.

Masikio ya Wendell yakaiva. Hakubisha. Alfajiri ya harusi Eloína aliyataja majina ya maharusi redioni, na huko kijijini wakamsikia kwa simu. Mchana tukamwona Wendell anashuka garini, manyoya kichwani, shati limeharibika, amemkumbatia bata mzinga aliye hai kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni.

Crisóforo akampokea ndege. Akafumba macho, akampimapima mikononi. Kwenye simu Abundio naye akasogeza uso aone, shela la mkewe linapepea nyuma yake.

"Wangu alikuwa mzito zaidi," mzee akasema.

"Zaidi kiasi gani?"

"Kama kuku mmoja."

Wendell akaingiza mkono mfukoni, Eloína akaupiga kofi. "Toa mkono huko, usitutie aibu!"

Mzee akafumbua macho. Akamtazama yule mtu mwembamba aliyejaa manyoya.

"Kuku huyo nimekusamehe," akasema. "Ingia ule."