Springi za Jumapili

Mikono yangu ikinuka grisi na utomvu wa ndizi, namwona baba amechuchumaa kando ya pikipiki yetu kule Mahoo. Siku za soko alikaza springi za nyuma kwa spana, ili mzigo wa ndizi usiilemee nyuma na usukani ukayumba. Jumapili alizilegeza, zisinirushe njiani.

"Ziache tu, baba. Mimi ni mzito."

"Wewe? Kuku wa nyanya yako anakushinda. Panda, mama."

Tuliteremka kanisani, shavu langu mgongoni mwake.

Tulipobaki watoto wenyewe bila baba, niliacha shule, nikabeba ndizi mimi. Jumapili nalegeza springi, nampakia kitindamimba wetu. Akisinzia, shavu lake hunigusa mgongoni, nami hupunguza mwendo tusifike upesi.