Aya Mbili za Kijana wa Ngorongo

Rafiki yangu alipoingia steshenari, mama mwenye duka aliruka kumpa kiti. "Karibu mwalimu!" Mwalimu! Huyo nilikaa naye dawati moja shuleni Mahege. Mtihani wa kidato cha nne tulifanya pamoja; yeye akafika chuo kikuu, mimi nikafika Kibiti mjini, kwenye kompyuta iliyo jirani na mashine ya fotokopi. Sina kinyongo na maisha, ndoto zangu ninazo tele. Ila siku ile wivu ulinishika, chai nikaiacha kikombeni.

Alikuwa ameandika makala kuhusu mlau, kilimo chetu cha kupanda bondeni maji ya mafuriko yakishatoka, aipeleke kwenye jarida la kitaaluma. Nilimchapia kutoka kwenye daftari lake. Nasi wa steshenari tuna mazoea: hatuanzi na ukurasa mtupu. Unafungua kazi ya mteja wa zamani, pambizo zimeshapangwa, unafuta maneno yake, unaweka mapya. Niliyofungua ilikuwa ya kijana wa Ngorongo, naye aliandika juu ya mlau, na chuo chake kilishaiweka mtandaoni. Kesho yake asubuhi nilipopitia, kabla rafiki yangu hajaja, nikaona aya zake mbili nimezisahau humo, zile za namna alivyowahoji wakulima.

Nikaziacha.

"Shoga, hawa watu wa jarida wana mtambo," rafiki yangu aliniambia alipokuja tutume, huku akifuta miwani. "Unapitia makala nzima, unatafuta maneno ya watu. Ukikutwa umeiba wanakurudishia, na chuoni jina lako limekwisha."

"Basi wewe wasiwasi wa nini? Msomi mzima!"

"Sina wasiwasi. Kila neno ni langu. Tuma."

Nikashika kipanya. Wallahi, nilitaka arudishiwe. Arudi aketi chini na sisi. Lakini nikamkumbuka yule kijana alivyokuja na viatu vya matope, akaniomba nimsomee kwa sauti sehemu ile ile, maana wakulima wale aliwafuata mmoja mmoja kwa mtumbwi. Mtambo usingezinasa, jasho lake lingeondoka na jina la mwingine, naye hana habari. Yeye alinikosea nini?

"Ngoja," nikasema. "Hapa pana aya mbili si zako."

Nikamweleza. Akavua miwani. "Umeziona lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi! Na muda wote huu unanichekea! Una roho mbaya wewe."

"Ya leo tu, shoga."

Hakucheka. Alivuta daftari akaandika aya zake upya palepale, juu ya goti. Nikafuta za kijana, nikachapa zake. Zilikuwa nzuri kuliko zile, na wivu ukanirudia mzimamzima. Kisha akanisogeza, akasoma makala tangu mwanzo, neno kwa neno, midomo ikimcheza. Alipomaliza nikapeleka mkono nimtumie. Akaushika.

"Acha. Nitabonyeza mwenyewe."