Nyoka wa Rangi ya Chai ya Maziwa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nilimpenda yule nyoka. Wageni wakiuliza ni nini kile ndani ya tangi la kioo sebuleni kwangu Kijenge, nilijibu "utafiti", kwa sauti ya kisomi kabisa, ingawa shahada yangu ni ya isimu na utafiti wenyewe ulikuwa kumlisha panya kila Jumamosi.

Alikuwa nyoka wa kawaida, wale wasio na sumu wanaoingia stoo kufuata panya. Ila wenzake ni kahawia, na yeye alitoka kwenye yai akiwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Alizaliwa mwaka niliomzika mama. Msibani sikulia, na baada ya hapo sikutaka kitu, si chakula, si watu. Nilitaka kujua jambo moja tu: rangi ile inarithiwa, au yai moja tu lilipata kasoro?

Nilimpandisha kwa jike la kahawia. Watoto wote wakatoka kahawia. Hilo halikunisumbua, rangi za namna hii huweza kujificha kizazi kizima. Njia ya kuitafuta ni kumrudisha binti kwa baba yake. Binti akakua, nikamrudisha.

Mayai nikayapeleka Ngaramtoni kwa rafiki yangu anayetotolesha vifaranga, maana kwangu baridi ya Julai ingeyaua. Akanitengea mashine ndogo, akapunguza joto, akazima sehemu inayogeuza mayai. Yai la nyoka likigeuzwa, mtoto hufa.

"Binti kwa baba yake?" aliuliza. "Dada, na Jumapili unaimba kwaya!"

"Siimbi. Nafungua mdomo tu."

"Na wakitoka kahawia wote?"

"Basi watakuwa nyoka."

Nilisema kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Alipopiga simu nilikuwa naanika nguo.

"Wametoka, dada! Wengine kahawia, wengine rangi ileile ya mzee wao. Nimewatoa mpaka mlangoni kwenye mwanga, nisije nikakudanganya. Inarithiwa!"

Nikasubiri furaha ije. Nikabana soksi kwenye kamba, kisha nyingine.

"Upo?"

"Nipo. Nimefurahi sana."

"Kwa sauti hiyo? Mke wangu anawaogopa mpaka kapanda juu ya kiti, na bado anapiga vigelegele. Wewe unaongea kama umepigiwa na watu wa benki."

"Ni mtandao," nikasema. "Huku leo unasumbua."