Injini Tumboni mwa Ndege ya Maganga

Usiku ule nililala na hasira, hata neno la kulala sikumpa mke wangu. Jioni yake nilikuwa nimerudi na ndege ya Maganga mkononi, tairi moja limepinda, nyasi zimejaa puani, na mke wangu akaniuliza jambo la kweli kabisa: "Hicho chuma tumboni ni cha nini?" Nikamwambia aniache. Mtu akikuambia ukweli ukiwa umechoka, unamwona adui.

Hiyo ndege si ya abiria, msije mkashangaa. Ni ndege ya kuchezea watu wazima, ya mbao nyepesi na nailoni, mabawa yake urefu wa mikono yangu miwili nikiinyoosha. Unasimama chini, unaiongoza kwa rimoti. Rafiki yangu Maganga aliijenga mwenyewe barazani kwake hapa Morogoro, akaitia injini ndogo, ukubwa wake kama ngumi ya mtoto, inayokunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Ikiwaka inalia mpaka meno yanauma. Tulikuwa tukiirusha kwenye njia ya zamani ya matrekta, katikati ya mashamba ya mkonge, na kwa kelele ile tulikuwa tunaongea kwa mikono tu.

Maganga Mnyamwezi, mimi Mzigua, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu haukuwa na likizo. Alipofariki mwaka jana wakati wa masika, nilifanya kama mtani anavyotakiwa msibani. Watu wanalia, mimi nikaingia ndani nikabeba ndege yake, nikatoka nayo mbele ya waombolezaji nikitangaza kwamba Wanyamwezi kazi yao kubeba mizigo kichwani, mambo ya kuruka wapi na wapi, basi hii naondoka nayo mpaka muikomboe kwa jogoo. Wazee wakacheka huku machozi yanawatoka. Mjane wake, Mama Tatu, akasema, "Jogoo hupati, Mzigua wewe. Kaa nayo." Ikawa yangu hivyo.

Injini yenyewe ilikuwa imekwisha. Pistoni imelika, na kipuri chake hakipatikani tena. Nikaamua kuitia mota ya umeme na betri, kazi ninayoiweza, maana riziki yangu ni kutengeneza redio na televisheni. Lakini nilipoitoa ile injini nikaiweka mezani, imekaa kimya, ina harufu yake ileile ya nyonyo, nilishindwa. Wallahi nilishindwa. Nikaifunga kwa waya ndani ya tumbo la ndege, chini ya mabawa, nikajidanganya kwamba ni ya kuweka uzito sawa. Ukweli ni kwamba nilitaka Maganga naye apande.

Na muda ulikuwa umeniishia. Mama Tatu alikuwa anahamia kwao Tabora, tiketi ya basi la Jumatatu ameshakata, na aliniomba kitu kimoja tu: aione ndege ya mumewe ikiruka, mara moja, kabla hajaondoka. Nikamwahidi Jumapili. Jumamosi nikaenda kuijaribu peke yangu. Ikakimbia, ikakimbia, ikanyanyuka kimo cha goti, ikaanguka kifudifudi kwenye nyasi. Nikajaribu tena, yaleyale. Ndiyo hasira niliyolala nayo.

Usingizi ukanichukua, nikajiona niko karakanani kwangu, mchana kweupe. Nimeshika bisibisi, nageuka kutafuta waya, na karakana haina ukuta wa nyuma. Pale ulipokuwa ukuta, mkonge umeanza, mistari na mistari mpaka chini ya milima. Maganga amekaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, kavaa shati lake la kazi. Amenyoosha vidole mbele yake, anavitazama, na kucha zake ni safi. Maishani mwake sikuwahi kuziona kucha zile bila mafuta.

Nikafurahi, jamani! Nikamwita, "We Mnyamwezi, si ulikufa wewe? Hata kufa kumekushinda?"

Hakucheka. Hakunirudishia. Hapo ndipo mwili uliponisisimka, maana Maganga asiyejibu utani si wa huku tena. Nikaiweka bisibisi chini, sijui hata niliiweka wapi.

Ndege iko mapajani mwake. Sikumwona akiichukua. Ameiinamia, ameweka sikio tumboni mwake kama mkunga anayemsikiliza mtoto, na anakaa hivyo muda mrefu. Upepo hakuna. Mkonge hautikisiki.

"Humu kuna nani?" akauliza polepole.

"Wewe," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Mimi nimeshakwenda, mtani. Nitoe."

Nilitaka kumwambia, nikikutoa utabaki wapi. Hakungoja. Akapitisha mkono kwenye zile mbao bila kuvunja kitu, akaitoa injini, akanipa. Ina joto. Ina joto kama iliyozimwa sasa hivi.

Halafu tumesimama kwenye ile njia ya matrekta, mimi na yeye, na ndege haipo tena mikononi mwetu. Iko juu. Sikuiona ikikimbia chini, wala sikusikia mlio. Inapanda tu, na kwa mara ya kwanza maishani nasikia mabawa yake. Miaka yote ile kelele ya injini ilikuwa imeyaficha. Ni sauti nyembamba, ya upepo unaopita juu ya nailoni, na ninaisikia mpaka kifuani. Nikageuka kutazama mkonge, nikaona kati ya mistari wamesimama watu. Wengi. Mama yangu mzazi yumo, marehemu mama, kajifunga khanga yake ya buluu, kaweka kiganja juu ya macho. Wote wameweka viganja juu ya macho, wanaitazama ndege ikipita. Nikaogopa, ila si woga wa kukimbia. Ni ule wa mtu aliyechelewa, akaingia msikitini akakuta watu wote wamesujudu.

Nikapiga hatua kumwendea mama. Maganga akanishika bega.

"Bado wewe," akasema. Kisha, macho yake yakiwa kulekule juu: "Mwambie Mama Tatu alale kitandani."

Nikaamka. Mke wangu ananitikisa, kumekucha, mto wangu umelowa. Nikamsimulia yote, nikamwomba radhi kwa ya jana, na Mungu ambariki, hakunisimanga. Alinishikia ndege nikakata waya, nikaitoa injini. Nikaisogeza betri mbele kidogo, nikaiinua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa. Ikatulia, haikuinamisha pua wala mkia. "Ya Rabi," akasema mke wangu.

Lakini ule ujumbe! Nilihangaika nao njia nzima tukienda mashambani kumrushia Mama Tatu ndege. Maneno ya kitandani, unamwambiaje mjane wa watu? Kwa utani ningeyasema, utani unabeba mengi, ila haya hayakuwa ya utani, na nikiyatoa kwa uso mkavu si atanizaba kofi? "Ujumbe si wako," mke wangu akanikumbusha. "Wewe ufikishe tu."

Ndege iliruka. Ilikimbia kidogo tu ikaiacha ardhi, ikazunguka juu ya mkonge, na tukayasikia mabawa, sisi sote tuliokuwa pale. Mama Tatu aliifuata kwa macho mpaka nikaishusha.

"Mbona haipigi kelele?" akasema. "Mwenyewe angekasirika."

"Mwenyewe ndiye aliyekuja kunielekeza," nikamjibu, nikamweleza ndoto tangu mwanzo. Nilipofika mwisho nikawa natazama viatu vyangu. "Na wewe amekuachia neno. Anasema ulale kitandani."

Nikangoja kofi. Halikuja. Mama Tatu alikaa chini, palepale kwenye vumbi la njia.

"Nani kakwambia nalala chini?"

"Hakuna aliyeniambia, shemeji."

"Hata binti yangu Tatu hajui. Tangu matanga sijapanda kile kitanda. Mkeka wangu naukunja kabla hajaamka."

Nikaiweka rimoti chini. Mke wangu akaenda kukaa naye, akamkumbatia, na Mama Tatu akalia kwa sauti kuliko alivyolia siku ya mazishi. Alipomaliza alifuta uso, akanitazama.

"Ukimwona tena," akasema, "mwambie nimesikia."