Ardhi Iliyolia Kama Ngoma

Kila asubuhi Mwanahamisi alitwanga mahindi ya muthokoi, akiyakoboa maganda, nyuma ya duka lake, karibu na Kabati. Siku moja mwaka 1996, ardhi ililia kama ngoma chini ya kinu! Akajua wachimba vito wa mgodi wa jirani wameshatoboa handaki hadi pale.

"Mursal, toa mbuzi wako bomani!"

"Mama Saidi, mahindi yamekushinda, sasa unasingizia ardhi?" Mursal, jirani yake mchuuzi wa mifugo, alimcheka.

Mwanahamisi alivuka hadi bomani. Aling'oa lango la miiba, akawaswaga mbuzi kwa mchi. Wa mwisho alipotoka tu, boma lote likazama kwa kishindo.

Mursal alimshika mkono. "Mama, mke wangu amelala nyumbani na mtoto. Njoo utwange na kule, tusikie kama ardhi inalia!"

Mwanahamisi alikuwa ameshatimua mbio kuelekea huko, mchi mkononi.